Picha ya Pamoja

Kwa miaka sita Golnar ndiye aliyekuwa mpiga picha wa mtambo wa utafiti, na hakuna aliyewahi kumpa kazi hiyo. Kila wanasayansi walipomaliza mkutano wao na kujipanga kwenye ngazi za mbele, warefu nyuma, wafupi mbele, yeye alichomoka mstarini kama aliyekanyaga kaa la moto, akanyoosha mkono. "Nipeni simu, nipeni simu! Mimi nitawapiga." Alikuwa hodari kweli. Aliwasogeza Waturuki, akamfokea Mpakistani aliyefumba macho, akahesabu mpaka tatu. Picha zilitoka safi, na yeye hakuwemo hata katika moja.

Watu wa mtambo walijua sababu, wakanyamaza. Mtambo wenyewe, wa kuzalisha mwanga mkali wa kuchunguzia vitu, uko juu ya vilima vya magharibi mwa mji wa Salt, na ulijengwa kwa michango ya nchi ambazo baadhi yake hazipokeleani hata simu. Hazikupendana, ila hakuna hata moja iliyomudu kuununua peke yake. Basi zikachanga, na mpaka leo zinachanga kama wakwe wanaodaiwa mahari, kila mwaka kuna yenye udhuru. Ndani ya uzio wake watu wanafanya kazi pamoja, wanakula pamoja, wanagombea kahawa pamoja. Nje ya uzio, kwa baadhi yao, picha moja tu ukiwa bega kwa bega na mtu wa nchi isiyotajwa inatosha kukufungia maisha.

Golnar alitoka Kerman, naye alikuwa mmoja wao. Mwalimu mwenzake wa chuo aliwahi kuonekana katika picha ya namna hiyo, huko ng'ambo, akicheka na glasi ya juisi mkononi. Siku hizi anauza majiko ya gesi, na pasipoti yake hajaiona tena. Yule hakuwa hata na mtoto. Golnar ana binti, Yekta, wa miaka tisa, aliyemwacha kwa bibi yake, na kila jioni swali la Yekta kwenye simu lilikuwa moja: "Mama, Alhamisi bado?" Alhamisi ndiyo siku ya ndege ya kurudi nyumbani. Golnar alitaka hilo tu duniani: afike Alhamisi, ashuke uwanjani, apite kwenye kile kidirisha cha pasipoti kama mtu yeyote, amkute mwanawe nje.

Kilichomponza ni mdomo wake mwenyewe, na kilichouponza mdomo ni malezi.

Majira ya kuchipua alikuja mgeni kutoka Ulaya, Bi Hanneke, mwakilishi wa wafadhili waliokuwa wakifikiria kutoa fedha za kuufanyia mtambo matengenezo makubwa. Walimkalisha karibu na Golnar wakati wa chakula. Mama mchangamfu, mwenye kuuliza na kusikiliza. Golnar akamsimulia utafiti wake wa mizizi ya shayiri inayoota kwenye udongo wa chumvi, na utamu wa mazungumzo ukamtelezesha ulimi: akamwambia kuna mwenzake, Tirza wa Haifa, katika nchi ile isiyotajwa, anachunguza shayiri hiyo hiyo kwa mwanga huo huo, zamu zao zinafuatana, na wamekuwa kama majirani wa mlango kwa mlango. Bi Hanneke akaweka uma chini. "Siku moja mtakubali nyinyi wawili mpigwe picha pamoja?"

Sasa, kwao Golnar, mgeni hakataliwi usoni, tena mezani. Unamwambia "kwa macho yangu yote mawili," naye mgeni mwenye adabu anaelewa kwamba ameheshimiwa tu, anakushukuru, na jambo linaishia hapo. Watu wanapeana nyumba na magari kwa maneno namna hiyo kila siku, na kila mmoja hulala kwake. Golnar akaweka mkono kifuani. "Kwa macho yangu yote mawili, bibi." Bi Hanneke, aliyelelewa mahali ambapo ndiyo ni ndiyo, akatabasamu na kulibeba neno lile mpaka kwao.

Akarudi nalo msimu wa mapukutiko, Jumatatu ya wiki ileile ya ndege. Ghaleb, msimamizi wa ukumbi wa mtambo, mtu mzima wa Salt ambaye wote walimwita Abu Sari, alimwita Golnar ofisini akamsukumia kikombe cha chai ya majani ya maramia. Hakumtazama.

"Wageni wanafika kesho. Wanaitaka ile picha uliyowaahidi."

"Abu Sari, mimi sikuahidi kitu. Ilikuwa heshima tu!"

"Najua. Mimi najua, binti yangu. Yeye hajui. Ameshawaambia wakubwa wake, wanakuja na mpiga picha wao kabisa." Akakuna kidevu. "Simama kwa nyuma kidogo. Geuza uso kidogo."

"Tutakuwa wawili. Katika picha ya watu wawili nitasimama nyuma ya nani?"

Ghaleb akacheka bila kupenda, kisha akaacha. "Kukulazimisha sikulazimishi, na naomba ulielewe hilo. Ila nchi tatu hazijaleta mchango wao, na yenu ni mojawapo, usinikasirikie. Fedha hizi zisipokuja, mtambo unazimwa majira ya baridi yote. Watoto walioandika maombi yao miaka miwili, Wamisri, Wapalestina, hao wa kwenu, nitawaambia nini? Kwamba tuliahidi tukavunja neno letu?"

Golnar akakumbatia kikombe kwa viganja viwili. Akisema ndiyo, Yekta. Akisema hapana, ni kumvunjia mgeni heshima na kumwadhiri mzee huyu aliyemkaribisha kwake Idi mbili mfululizo, na kuwafungia mlango wenziwe wote. Alibanwa huku na huku, na aliyefunga kamba alikuwa yeye.

"Kwa macho yangu," akasema, maana mdomo haukujua neno jingine, akatoka akijichukia.

Usiku huo Yekta aliuliza kama Alhamisi ni kesho kutwa au kesho kutwa yake. Golnar akajibu vibaya, ikabidi arudie.

Kesho yake wageni walitarajiwa baada ya chakula cha mchana. Golnar alipiga hesabu zake: zamu yake inaisha kabla ya hapo, atatoa mzizi wake wa mwisho, atasema kichwa kinamuuma, atajifungia nyumba ya wageni. Uongo wa kitoto, lakini ndio aliokuwa nao.

Kazi yao ilifanyika kwenye kijumba kilichokingwa kwa madini ya risasi, kuta nene, mlango mmoja mzito unaoteleza kwenye reli. Mwanga unaoingia humo hauonekani kwa macho, na una nguvu kuliko eksirei yoyote ya hospitali. Ndiyo maana kuna sheria moja isiyochezewa: kabla ya kufunga, mwenye zamu anaingia, anapekua kila pembe, anabonyeza kitufe cha ukuta wa mwisho, kengele inalia, anatoka, anafunga, na kwenye paneli ya nje anathibitisha kwa kadi yake kwamba ndani hakuna mtu. Kuanzia hapo, roho zilizomo zi mikononi mwake. Ndani kuna kitufe chekundu kikubwa kama kisahani cha kikombe. Aliyesahauliwa akikigonga, mwanga unakatika, si kwa kijumba hicho tu, bali kwa mtambo mzima, na kila mtu ukumbini anajua.

Golnar alikuwa ndani, ameinamia meza, akichomoa mzizi kwa kibano, aliposikia viatu vya mpira vya Tirza.

"Jirani! Toka, toka haraka. Wamewahi."

Tirza alikuwa mwanamke mfupi, nywele za mvi zisizojua kitana, anayevuka daraja la mpakani kila wiki ya zamu na kulilaani kila mara. Desturi yao ilikuwa ya miaka: anayeondoka humwachia mwenzake birika likiwa moto na kitu cha kutafuna, pistachio kutoka Kerman, halua kutoka Haifa. Na pale mlangoni, zamu zikibadilishana, walitaniana kwa adabu za kina Golnar: "Baada yako." "Haiwezekani, baada yako." Hadi mmoja amsukume mwenzake.

Siku hiyo hapakuwa na utani. "Wako wapi?" Golnar akauliza.

"Nimewapita kwenye tangi la maji. Mpiga picha ametangulia, anapiga kila bomba kama harusi ya binti yake. Hawajaniona."

Sauti zikasikika ukumbini, ya Ghaleb juu kidogo kuliko kawaida yake, ikisema kwa makusudi, "Na hii sasa, hii ndiyo njia ya mwanga wa shayiri!" Golnar akachungulia kwa jicho moja. Mpiga picha alikuwa amepiga goti kwenye kona ya pili, kamera imeelekea mlango wao. Mlango ulikuwa mmoja. Wakitoka pamoja, picha. Wakitoka mmoja mmoja, picha mbili, na katika ya pili wote wamo, maana wa kwanza atakuwa bado amesimama pale.

Akarudi ndani. "Yekta wangu," akasema, na si kwa Tirza.

Tirza akamshika viwiko. "Nisikilize. Nani anajua nimefika? Hakuna. Waambie nimekwama darajani. Nani atakataa? Daraja lile limeshanikwamisha hata kwenye mazishi. Wewe toka, funga."

"Nikufungie? Umerukwa na akili?"

"Mwanga hauingii mpaka valvu ifunguliwe pale kwenye paneli, na wa kuifungua ni wewe. Usifungue. Watapiga picha yao, watakwenda kula wali wa mansafi, utanitoa."

"Basi wewe toka, mimi nibaki."

"Wewe ndiye uliyeahidi! Mimi sijaahidi mtu. Usipoonekana wewe watakutafuta, watafungua mpaka makabati."

"Haiwezekani, jirani. Haiwezekani mimi nitoke wewe—"

"Golnar!" Tirza hakuwahi kumwita kwa jina. "Acha adabu zako. Adabu zako ndizo zilizotufikisha hapa."

Golnar akamtazama. Kisha akapiga moyo konde. Akaenda mpaka ukuta wa mwisho, akapekua pembe, kweli alipekua, kama alivyofundishwa, akipita kando ya mtu aliyesimama pale wazi akimtazama. Akabonyeza kitufe. Kengele ikalia. Akatoka, akausukuma mlango, ukafunga kwa ule mguno wake wa chini. Akagusisha kadi kwenye paneli. Taa ikageuka. *Hakuna mtu.* Kando ya paneli kulikuwa na kioo kidogo kilichoonyesha picha za kamera ya ndani. Akavua koti lake jeupe akalitundika juu yake, kama mtu aliyeona joto.

Alipogeuka, Bi Hanneke alikuwa amefungua mikono.

"Dakta Golnar! Hatimaye! Na jirani yako yuko wapi?"

"Darajani, bibi. Daraja letu hilo."

"Oh! Mpaka sasa?"

"Mpaka sasa."

Mama wa watu akasikitika kwa dhati, na huo ndio ulikuwa ubaya wake: alikuwa mtu mwema. "Basi tutakupiga wewe. Peke yako. Hapo hapo, mbele ya mlango." Mpiga picha akamsogeza hatua kushoto, akamwomba atabasamu. Golnar, ambaye kwa miaka sita alikuwa akiwaamrisha wenziwe watabasamu, hakujua meno yake ayaweke wapi. Mgongo wake uligusa mlango. Ulikuwa baridi. Akawaza kwamba nyuma ya unene ule kuna mtu anapumua, akatabasamu. Kamera ikalia.

Ingeishia hapo. Lakini Ghaleb alikuwa ameandaa heshima yake, kama mwenyeji yeyote, na hakumwambia mtu: mgeni mkuu ndiye atakayefungulia mwanga kwa mkono wake. Akaonyesha paneli kwa fahari. "Bi Hanneke, taa hiyo ina maana kijumba kimepekuliwa. Tafadhali. Kitufe kile cha kijani."

Watu wakapiga makofi. Bi Hanneke akacheka, akakunja mkono wa sweta, akanyoosha kidole.

"Hapana!"

Golnar alikuwa amemdaka kifundo cha mkono. Alimbana mpaka pete ya mgeni ikamchoma kiganja. Hakuwahi maishani kumwambia mgeni neno lile, si nyumbani, si ugenini, na sasa lilikuwa limemtoka kama mtu anayefukuza mbwa. Makofi yakafa. Bi Hanneke akautazama mkono wake, kisha akamtazama Golnar, na wekundu ukampanda shingoni.

"Samahani, nimekosa nini?"

Golnar hakuuachia mkono. Ghaleb alimtazama usoni, akatazama koti lililotundikwa mahali ambapo hakuna anayetundika koti, akatazama mlango. Rangi ikamtoka. Golnar alimwona akielewa, kipande kwa kipande.

"Kosa ni langu," Ghaleb akasema, na sauti yake ilikuwa laini mno. "Sampuli iliyomo ni ya zamu nyingine, nimesahau, ingeungua. Uzee huu. Bibi, mansafi inapoa, na kwetu mansafi ikipoa mpishi anaacha kazi. Twendeni, twendeni." Akawaswaga wote mbele yake kama kuku, akicheka, akiomba radhi, na alipompita Golnar akanong'ona bila kugeuka: "Usiguse kitu. Chochote."

Alirudi peke yake mbio, mzee yule, kitambi kikimtangulia. Akafungua mlango mwenyewe. Tirza alikuwa ameketi sakafuni chini ya kitufe chekundu, miguu imenyooka, mikono haionekani.

"Nimeikalia mikono," akamwambia Golnar. "Kengele ya onyo ilipolia ulipogusisha kadi, mkono ulipanda wenyewe. Ningekigonga, kila mtu angejua nimo humu, nawe umeshasema hakuna mtu. Nikaikalia." Akaitoa mikono chini ya mapaja. Ilikuwa myeupe, ina mistari ya sakafu.

Golnar akashuka sakafuni akalia kwa sauti. Si kwa hofu tena. Kwa aibu, na kwa upendo usio na mahali pa kwenda.

Ghaleb akasema, "Umemfungia mtu ndani."

"Ndiyo."

"Ukathibitisha kwa kadi yako kwamba hakuna mtu."

"Ndiyo, Abu Sari."

"Mimi ndiye niliyemwambia!" Tirza akafoka. "Mimi!"

"Nawe nitakufikia. Wewe utakaa mwaka mzima bila kuuona mtambo huu." Macho yake yalikuwa mekundu. "Kidole kilikuwa hapa," akasema, akionyesha nafasi isiyotosha kupitisha kucha. "Hapa. Na kidole hicho nimekileta mimi. Sitalala mwezi mzima." Akamnyooshea Golnar kiganja. "Kadi."

Golnar alijua sheria. Aliyethibitisha uongo hapekui tena, haingii tena. Alikuwa ameifundisha mwenyewe kwa wanafunzi wa kila msimu. Akavua kadi shingoni, akaiweka kwenye kiganja kile. Mizizi yake ya miaka sita ilibaki kwenye droo.

Wakafika mlangoni wote watatu. Tirza akasimama kando, akainamisha kichwa. "Baada yako, jirani."

"Haiwezekani. Baada yako."

"Baada yako."

"Tokeni, Mungu awalaani nyote wawili!" Ghaleb akasema, akageukia ukuta akajifuta uso.

Alhamisi Golnar alishuka uwanjani. Kidirishani kijana mmoja aligonga muhuri bila kuinua macho, na Yekta alikuwa nje, amevaa kiatu kimoja tofauti na kingine kwa haraka ya kuja. Golnar alimbeba mpaka garini ingawa mtoto alikuwa mzito. Alikuwa amekipata alichokitaka, na akalijua hilo, na usiku alipolala kando ya mwanawe aliona kuta za chumba zimesogea karibu.

Fedha za wafadhili zilitoka. Mtambo haukuzimwa. Bi Hanneke aliandika kwamba watafiti wa eneo lile wanazilinda sampuli zao kwa wivu wa ajabu, na akalisema kama sifa. Picha ikachapishwa kwenye taarifa yao ya mwaka, na Ghaleb, kwa sababu zake ambazo hakumweleza mtu, akaikuza na kuitundika ukumbini, mkabala na njia ya shayiri. Wanasema Tirza, aliporudi baada ya mwaka wake, alisimama mbele yake na birika mkononi mpaka chai ikapoa.

Yekta aliiona kwenye simu ya mama yake. Akaivuta kwa vidole viwili, akaukuza uso, kisha mlango.

"Mama, mbona umetabasamu hivyo? Nani alikuwa anakuchekesha?"

Golnar akatazama. Ndiyo ilikuwa picha yao ya pekee, yeye na jirani yake, wamesimama mgongo kwa mgongo, na unene wa mlango katikati. Jina likamfika mpaka kwenye ulimi. Lakini mtoto ana shule, na shule ina walimu, na walimu wana maswali.

"Hakuna mtu," akamwambia. "Nilikuwa peke yangu."